Chuo Wanakitaka, Bei Hawaijui: Vijana wa Kilatino na Hesabu za Nyumbani

Mwulize kijana wa Kilatino, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, anayesoma sekondari Marekani kama elimu ya chuo ina umuhimu, atakuitikia kabla hujamaliza swali. Mwaka 2009 kituo cha utafiti cha Pew kiliwahoji Walatino wenye umri wa miaka 16 hadi 25, na asilimia 89 walisema chuo ni muhimu kwa anayetaka kufanikiwa maishani. Ni nadra watu kukubaliana hivyo juu ya jambo lolote. Kisha likaja swali la pili: je, wewe mwenyewe unapanga kupata shahada? Hapo waliosema ndiyo walikuwa asilimia 48.

Kwa miaka mingi, kila mwenye maoni juu ya elimu ya Walatino amekuwa akijaribu kueleza pengo hilo. Maelezo ya zamani yalikuwa ya dharau: eti wazazi wa Kilatino hawathamini shule. Siku hizi hayasemwi hadharani sana, ingawa bado yanasikika vyumba vya walimu. Maelezo yaliyochukua nafasi yake yana adabu zaidi. Yanasema hawa watu hawana taarifa. Na kweli, utafiti wa Taasisi ya Sera ya Tomás Rivera uliofanyika mwaka 2004 ulikuta zaidi ya nusu ya wazazi wa Kilatino wakishindwa kutaja hata chanzo kimoja cha msaada wa fedha za chuo. Tangu hapo zimechapishwa brosha, zikaandaliwa Jumamosi za kujaza fomu, zikafunguliwa tovuti za Kihispania. Sibezi kazi hiyo. Nasema tu kwamba imetupumzisha akili mapema mno.

Maana watafiti wale wale wa Pew waliendelea kuuliza. Waliwageukia vijana waliokatisha masomo wakiwa sekondari au mara tu baada ya kumaliza, wakataka kujua sababu. Asilimia 74 walisema ilibidi waisaidie familia. Kiingereza kibovu kilitajwa na asilimia 49, kutoipenda shule asilimia 42. Zaidi ya miaka kumi baadaye Pew iliwauliza Walatino watu wazima wasio na shahada na ambao hawakuwa wakisoma, na takriban saba katika kila kumi wakataja mambo yale yale mawili: kuitunza familia, na gharama kutobebeka. Mtu anayekwambia aliacha masomo ili kodi ya nyumba ilipwe hajakwambia kwamba alikuwa hajui. Amekwambia alichokijua.

Hoja yangu ni kwamba tahadhari ya vijana hawa mbele ya chuo na misaada yake ni hesabu iliyopigwa kwa akili timamu, kwa kutumia takwimu ambazo mfumo wenyewe umewapa. Wanaambiwa waweke dau kwenye kitu ambacho bei yake haitajwi hadi dakika za mwisho, na ambacho masharti yake yanaweza kubadilishwa na watu wasiowajua. Wakisitasita, tunawaandalia semina.

Kiu ya chuo katika jamii hii haikuletwa na brosha. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa Mashariki ya Los Angeles, kutoka shule kama Garfield, Roosevelt na Lincoln, walitoka madarasani na kuandamana. Mwalimu wao Sal Castro wa Lincoln alikuwa pamoja nao, na baadaye alikamatwa kwa ajili hiyo. Miongoni mwa waliyoyalalamikia ni kwamba washauri wa shule walikuwa wakiwasukuma kwenye karakana na ushonaji badala ya masomo yanayompeleka mtu chuoni. Hao ndio watu tunaoambiwa kila baada ya miaka michache kwamba wanahitaji kuhamasishwa.

Na mfumo wenyewe wa misaada una mizizi yake kwa watoto wa Kimeksiko, jambo ambalo Wamarekani wengi wamelisahau. Lyndon Johnson, kabla hajawa mwanasiasa, alifundisha mwaka 1928 katika shule ya Welhausen mjini Cotulla, kusini mwa Texas, shule iliyotengwa kwa ajili ya watoto wa Kimeksiko. Novemba 1965, akiwa Rais, alirudi San Marcos kwenye chuo alichosoma, akatia saini Sheria ya Elimu ya Juu, na katika hotuba yake akawakumbuka wanafunzi wale ambao njia ya chuo ilifungwa kwao kwa sababu ya umaskini. Kutoka sheria hiyo ndiko ilikotoka ruzuku ambayo tangu 1980 imebeba jina la Seneta Claiborne Pell: fedha za serikali kuu kwa mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini, zisizorudishwa. Kwa mwaka wa masomo 2024-25 kiwango cha juu cha ruzuku hiyo kilikuwa dola 7,395.

Sasa tuziangalie hizo bei. Mwaka huo huo wastani wa ada katika vyuo vya jamii, vile vya umma vya miaka miwili, ulikuwa dola 4,050. Chuo kikuu cha umma kwa mkazi wa jimbo, dola 11,610. Chuo cha binafsi, dola 43,350. Lakini hizo ni bei za ubaoni. Mwanafunzi wa familia maskini mara nyingi hulipa pungufu sana, na kuna vyuo vya binafsi vyenye utajiri ambako angesoma kwa gharama ndogo kuliko chuo cha jimbo lake. Tatizo ni lini anaambiwa. Anaanza kuomba vyuo mwanzoni mwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Anajaza fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali kuu. Halafu anasubiri. Barua ya kiasi atakachosaidiwa inafika karibu na majira ya kuchipua, wiki chache kabla ya tarehe ya kuamua. Yaani anatakiwa kupanga maisha yake kwa miaka minne ya sekondari, kuchagua masomo magumu, kufanya mitihani na kulipia maombi, huku gharama ya mwisho ikiwa fumbo.

Na barua yenyewe ikija, haisomeki. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilichunguza barua hizo mwaka 2022 na kukadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi bei halisi atakayolipa mwanafunzi, au vinaionyesha ikiwa ndogo kuliko ilivyo. Mikopo inawekwa kwenye safu moja na ruzuku, vyote vikiitwa msaada. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji ni taasisi yenye profesa wa uchumi kila ghorofa.

Je, ikitajwa bei mapema inakuwaje? Hapa tuna ushahidi ambao naona haujasomwa vya kutosha. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Michigan kilianza kuwatumia barua wanafunzi wa sekondari za umma za jimbo hilo waliokuwa na alama nzuri na kipato kidogo nyumbani. Bahasha kubwa ya rangi za chuo, ndani ikisema: ukiomba na ukikubaliwa, hutalipa ada kwa miaka minne. Hakuna fomu ya kuthibitisha umaskini wako kwanza. Wazazi na wakuu wa shule nao walijulishwa. Mchumi Susan Dynarski na wenzake walipowalinganisha waliopata barua na wanafunzi kama wao ambao hawakuipata, walikuta walioomba chuo hicho walikuwa asilimia 68 dhidi ya 26, na waliojiunga asilimia 27 dhidi ya 12.

Kilichonishangaza mimi ni kwamba barua ile haikuongeza fedha za maana. Karibu wote ambao hawakupewa barua wangeweza kupata msaada ule ule kwa njia ya kawaida, kwa kujaza fomu na kusubiri. Fedha zilikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba "huenda utasaidiwa" iligeuka kuwa "utasaidiwa", na ikasemwa mwanzoni. Wanafunzi wa Michigan wengi wao si Walatino, hilo lazima nilikiri, lakini kwa nyumba ambako mshahara wa Ijumaa umeshapangiwa kazi tangu Jumatano sioni kwa nini tofauti ya maneno hayo mawili iwe ndogo zaidi. Nadhani ni kubwa zaidi.

Jaribio jingine linaweka sawa hadithi ya taarifa. Mwaka 2008, katika ofisi za kampuni ya kujaza kodi ya H&R Block huko Ohio na eneo la Charlotte, watafiti waliwagawa wateja wa kipato kidogo katika makundi. Kundi moja lilisaidiwa kujaza FAFSA hapo hapo, kwa kutumia taarifa za kodi zilizokwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Kazi ilichukua kama dakika kumi. Kundi jingine lilipewa maelezo tu: makadirio ya msaada ambao lingepata na bei za vyuo vya karibu. Miongoni mwa wanafunzi ambao wazazi wao walisaidiwa kujaza, waliomaliza angalau miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Waliopewa maelezo matupu hawakubadilika. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba dawa ni kuongeza uelewa, mwambie uelewa ulishapimwa kwenye ofisi za kodi za Ohio na haukufanya kitu. Kilichofanya kazi ni mtu aliyekaa kitini na kuimaliza fomu.

Nani wa kukaa kitini kwenye sekondari za umma? Chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Wastani wa nchi kwa mwaka wa masomo 2023-24 ulikuwa zaidi ya wanafunzi 370, na Arizona, jimbo lenye Walatino wengi, ulizidi 600. Mshauri huyo huyo ndiye anayepanga ratiba, anayesuluhisha ugomvi, anayempokea mtoto aliyefiwa.

Basi anayekaa kitini mara nyingi ni mtoto mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akimtafsiria mama kwa daktari akiwa na miaka tisa, na kumsomea baba barua ya mwenye nyumba. Sasa ana miaka kumi na saba na inambidi aulize maswali ambayo mtoto hamwulizi mzazi: unapata kiasi gani, una akiba gani, mmeoana kisheria au la. Kuna familia ambazo mtoto hujua kipato cha baba yake kwa mara ya kwanza kupitia FAFSA. Na fomu ikishapata majibu yake, inaiona familia kwa jicho lake yenyewe. Haina mstari wa fedha anazotumiwa bibi kule Michoacán au El Salvador kila mwezi. Haina mstari wa mjomba aliyepoteza kazi na sasa analala sebuleni. Toleo jipya hata limefuta nafuu waliyokuwa wakipata wenye watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja, jambo linaloziuma familia kubwa za kipato cha kati.

Gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye barua yoyote. California mwaka 2025 mshahara wa chini ulikuwa dola 16.50 kwa saa. Kijana aliyefanya kazi saa arobaini kwa wiki mwaka mzima alipata dola 34,320 kabla ya kodi. Hata akipewa ruzuku yote ya Pell na chuo cha jamii kikawa bure kabisa, nyumbani panakosekana fedha ambazo zingeweza kulipa pango la miezi mingi. Mtoto wa daktari akienda chuo, bajeti ya nyumbani kwao haipotezi mshahara, haikuwahi kuutegemea. Kijana wa Kilatino anapoondoka, anaondoka na mchango. Sasa rudi kwenye ile asilimia 74 uitazame tena.

Kuhusu mikopo, Walatino wanajulikana kwa kuikwepa, na wataalamu hupenda kuandika hilo kama ugonjwa wa kitamaduni. Mimi nitaanzia kwenye historia ya juzi. Kati ya 2005 na 2009, utajiri wa kati wa kaya za Kilatino ulianguka kwa asilimia 66, kwa mujibu wa Pew. Wa kaya za wazungu ulipungua asilimia 16. Chanzo kikubwa ni nyumba zilizonunuliwa kwa mikopo California, Florida, Nevada na Arizona, ambazo thamani yake iliporomoka. Watu hawa walifanya kile hasa walichoambiwa na nchi kwamba ndicho afanyacho mtu makini: walikopa wakawekeza. Vijana wa sekondari wa leo hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga, lakini wamelelewa na kaka na wazazi waliopitia hayo. Kukopa harusi kulipa matanga, kwao, si methali ya kwenye kanga.

Hata hivyo sitaifanya tahadhari hii kuwa hekima isiyo na doa, kwa sababu inawagharimu wao wenyewe. Anayekataa mkopo wa dola 5,500, kikomo cha mwaka wa kwanza kwa mwanafunzi anayemtegemea mzazi, mara nyingi analipa kwa saa. Anasoma nusu muda, anafanya zamu za usiku, anachukua masomo mawili muhula huu na moja ujao. Anachagua chuo cha jamii kilicho karibu na nyumbani akidhani atahamia chuo kikuu baadaye. Takwimu za nchi nzima zinasema takriban theluthi moja tu ya wanaoanzia vyuo vya jamii huhamia vyuo vya miaka minne, na kama asilimia 16 tu hupata shahada ndani ya miaka sita. Njia iliyoonekana salama inageuka kuwa ndefu kuliko nguvu za mtu. Na wanaoumizwa zaidi na deni la chuo, wale wanaoshindwa kabisa kulipa, kwa kawaida si wenye madeni makubwa bali waliokopa kidogo wakaacha bila cheti. Ningekuwa mjomba wa kijana wa namna hii ningemshauri akope kidogo, asome muda wote, amalize haraka. Lakini ningejua pia kwamba namshauri nikiwa sina cha kupoteza.

Halafu ukaja msimu wa 2023-24, na hoja yote ya kwamba hawa watu wanaogopa bila sababu ikazikwa na serikali yenyewe. Desemba 2020 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kurahisisha FAFSA: maswali yapungue kutoka zaidi ya mia, taarifa za kodi zivutwe moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi. Nia njema kabisa. Fomu ambayo huwa inafunguliwa tarehe 1 Oktoba ikafunguliwa tarehe 30 Desemba 2023, na hata hapo ilikuwa ikifunguka na kufungwa. Kila mzazi sasa alitakiwa awe na akaunti yake na aridhie taarifa zake za kodi zichukuliwe. Wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii, ambao wengi ni wahamiaji wasio na vibali, walikwama. Watoto wao, raia waliozaliwa Texas au Illinois, wenye haki kamili ya Pell, wakakwama pamoja nao.

Kejeli ni kwamba fomu ya zamani, ile mbaya yenye maswali mengi, ilikuwa na njia ya kienyeji: mzazi asiye na namba aliandika sifuri tisa, akachapa ukurasa wa sahihi, akautia kwenye posta. Fomu iliyorahisishwa ikaondoa ukurasa huo na kusahau kuweka mlango. Marekebisho yalianza kupatikana Machi 2024. Vyuo vingi vililazimika kusogeza mbele tarehe ya kuamua iliyozoeleka ya Mei mosi. Na waliopiga simu kuomba msaada? GAO ilihesabu simu milioni 5.4 katika miezi mitano ya mwanzo. Takriban milioni 4 hazikupokelewa. Kijana aliyekaa kwenye simu akisikiliza muziki hadi akakata alijifunza kitu kuhusu misaada ya chuo, na hakuna brosha itakayomfutia hicho.

Baadaye hofu ya zamani ikapata sura mpya. Zaidi ya watoto milioni 4 waliozaliwa Marekani wanaishi na mzazi asiye na kibali, na sehemu kubwa ya hao ni Walatino. Aprili 2025 mamlaka ya kodi ilitia saini makubaliano ya kuipa idara ya uhamiaji baadhi ya taarifa za walipa kodi, makubaliano yaliyofikishwa mahakamani. Sheria ya misaada inabana matumizi ya taarifa za FAFSA kwa kazi nyingine, na wataalamu wanalirudia hilo kila wanapoulizwa. Lakini mwambie hivyo mama ambaye amelipa kodi kwa miaka kumi na tano kwa sababu aliahidiwa kwamba mamlaka ya kodi haiongei na polisi wa uhamiaji. Mashirika yanayosaidia wanafunzi yenyewe yamekuwa makini, yanaiachia familia iamue. Nayo familia, ikiwa na binti mmoja wa kwenda chuo na baba mmoja wa kufukuzwa nchini, inajikuta inapima ruzuku ya dola 7,395 dhidi ya baba.

Kwa kijana ambaye mwenyewe hana kibali mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu FAFSA haimhusu kabisa. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyoanzia mji wa Tyler, Texas, unamhakikishia shule ya umma bure hadi darasa la kumi na mbili. Siku ya mahafali haki hiyo inakwisha. Watu wengi bado wanadhani mpango wa Obama wa DACA, uliotangazwa Juni 2012, unawahusu wanafunzi wa sekondari. Hauwahusu tena: sharti mojawapo ni kuwa umekaa Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007, na aliyekuwa na miaka kumi na saba mwishoni mwa mwaka 2025 alizaliwa baada ya hapo. Kizazi kizima kimechelewa kuzaliwa kwa mpango uliotungwa kwa ajili ya vijana kama hao.

Kilichobaki ni majimbo. Texas ilikuwa ya kwanza, mwaka 2001, kuwaruhusu wanafunzi wasio na vibali waliomaliza sekondari zake kulipa ada ya mkazi. Sheria hiyo ilitiwa saini na gavana wa Republican, Rick Perry. California ikafuata mwaka huo huo, na mwaka 2011 ikaongeza misaada ya jimbo yenye fomu yake yenyewe. Tarehe 4 Juni 2025 wizara ya sheria ya Marekani iliishitaki Texas juu ya sheria hiyo. Texas haikujitetea. Ilikubali, jaji akaidhinisha, na sheria ya miaka ishirini na minne ikafa ndani ya saa chache za siku moja, wakati wanafunzi wakiwa tayari wamepokelewa kwa muhula wa Agosti. Hapo ndipo ninapowakumbuka wale wanaouliza kwa nini vijana hawa hawapangi mbele.

Niseme neno kwa wasomaji wetu walioko huko. Katika mwaka wa bajeti 2023 Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili kutoka mashariki. Kisheria mkimbizi yuko mahali pazuri kuliko mhamiaji asiye na kibali: FAFSA imekuwa ikimhesabu kuwa na haki ya msaada. Lakini binti wa Uvira anayejaza fomu hiyo huko Kentucky anakutana na kitu kile kile anachokutana nacho binti wa Puebla aliyeko Houston. Fomu ya mtandaoni ipo kwa Kiingereza na Kihispania. Ya Kiswahili inatoka mdomoni mwake, usiku, baba akiwa ametoka zamu ya kiwandani na kuuliza kwa nini serikali inataka kujua haya yote. Tena huyu hana hata jumuiya kubwa ya waliotangulia ambayo Walatino wa Los Angeles au San Antonio wanayo. Vikundi vya kanisa na vyama vya Wakongomani vinavyokusanya watu kujaza fomu za kodi kila Februari vingefanya vema kujaza na FAFSA siku hiyo hiyo; lile jaribio la Ohio linaonyesha kwamba dakika kumi hizo zina thamani.

Kuna majimbo yaliyojaribu kumaliza jambo hili kwa amri. Louisiana ilikuwa ya kwanza kufanya kujaza FAFSA kuwa sharti la kuhitimu sekondari, kisha Illinois, Texas na California zikafuata kwa namna zao, zote zikiacha mlango kwa mzazi kukataa kwa maandishi. Fomu zilizojazwa ziliongezeka. Mwaka 2024 Louisiana yenyewe ikaachana na sharti hilo. Mimi sina shida sana na amri hizo, ilimradi mlango wa kukataa uwe wazi kweli na usimwaibishe mtu mbele ya darasa, lakini zinagusa mwisho wa safari tu. Mwanafunzi aliyechagua hesabu nyepesi akiwa na miaka kumi na minne kwa sababu aliona chuo si chake hatasaidiwa na fomu anayolazimishwa akiwa na kumi na saba.

Naona wenye akili zaidi ni Indiana na Oklahoma, majimbo ambayo hakuna anayeyataja katika mjadala wa Walatino. Indiana tangu 1990 imekuwa na mpango unaomwahidi mtoto wa kipato kidogo ada ya chuo cha umma cha jimbo akiwa bado darasa la saba au la nane. Oklahoma ina wake tangu 1992. Kwa miaka mingi udhaifu wa Indiana ulikuwa kwamba ilibidi familia ijiandikishe, na nyingi zenye sifa hazikufanya hivyo. Mwaka 2023 bunge la jimbo likabadilisha utaratibu: mtoto mwenye sifa anaandikishwa bila kuomba, kwa kutumia taarifa za kipato ambazo serikali inazo tayari. Serikali ilikuwa inamjua mtoto huyo tangu alipoanza kula chakula cha mchana cha bure shuleni. Kwa nini imwache athibitishe umaskini wake upya miaka kumi baadaye, Desemba, kwa simu isiyopokelewa?

Serikali kuu ingeweza kufanya vivyo hivyo na Pell kesho asubuhi kwa mamilioni ya raia wadogo wa Kilatino, na ingegharimu bahasha na stempu. Isingewafikia wote. Indiana yenyewe, kwa sheria yake ya mwaka 2011, inamnyima asiye na kibali hata ada ya mkazi, na mtoto wa namna hiyo aliyekaa dawati moja na mwenzake darasa la nane hataiona barua hiyo.